Siku Niliyomficha Baba

Kwetu Nkololo kosa lina mnyama wake. Ukimtukana jirani ni mbuzi. Usipofika kuchimba kaburi la mwenzako ni ng'ombe. Mnyama huyo anachinjwa, kijiji kizima kinakula, mkosaji naye anakula, na kesho yake mnasalimiana kama kawaida. Nilipoanza mafundisho ya dini niliucheka utaratibu huo. Nilimwambia mama kwamba watu wetu wanapatanishwa na tumbo, sisi Wakristo tunasamehewa bure. Mama akaniambia niende nikachote maji.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nina mdomo mrefu, na sikuwa nimejua bado kwamba cha bure mwenzako amekilipia.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Zamani yake pamba ilikuwa na mlango mmoja tu, sosaiti ya ushirika, na humo mlangoni ulimkuta kila mtu unayemfahamu. Sasa yakaja malori ya watu binafsi yenye maturubai ya bluu, yakasimama Dutwa, leo yapo kesho hayapo. Aliyekuwa na pamba tayari aliuza. Asiyekuwa nayo aliyafukuzia vumbi kwa baiskeli. Baba yangu alikuwa na baiskeli moja, nzito, ya Kichina, yenye keria ya nondo aliyochomelea mwenyewe, na pamba yake alilima chini mbugani, kwenye udongo mweusi, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Ukiwa huko husikii kitu isipokuwa upepo na ndege.

Siku ninayoisema, mama alikuwa amempeleka mdogo wangu kliniki Bariadi. Baba alikuwa mbugani anamalizia kuchuma. Mimi nilikuwa peke yangu uani, namenya viazi vya michembe na kuvitandaza juu ya jiwe vikauke. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, kwa sababu baba alitaka kwenda Dutwa kesho yake.

Saa nane hivi ulianza mwano.

Asiyekulia kwetu nimweleze. Mwano ni ukelele wa hatari. Mwanamke anautoa, sauti nyembamba isiyokatika, na mwanamke wa nyumba inayofuata anaupokea na kuusogeza mbele, hadi nchi nzima inalia. Mwanamume akiusikia haulizi kuna nini. Anashika upinde na kukimbia kuelekea unakotoka. Mwanamke akiusikia haruhusiwi kuuacha ufie mlangoni kwake. Mume au baba akiwa shambani, unamfuata shambani. Hilo hata mtoto wa miaka sita analijua.

Nililijua. Nilisimama na kisu mkononi, nikakumbuka kitu kimoja tu. Msimu uliotangulia jirani yetu wa upande wa chini aliitikia mwano, na jioni walimrudisha kwenye keria ya baiskeli, wamemfunga kwa mipira, miguu inaburuzika, katambuga moja haipo. Nilimwona kwa karibu sana. Mkewe alikuwa anauliza iko wapi ile katambuga nyingine, anauliza tu hivyo hivyo, mpaka wakamwingiza ndani. Tangu siku hiyo kila nilipomwangalia baba akivaa katambuga zake za tairi nilizihesabu, moja, mbili.

Mama mkubwa akatokea kwenye ua wa minyaa unaotenganisha mji wao na wetu. Ni mke wa baba mkubwa, kaka yake baba wa tumbo moja. Alikuwa anakimbia, kitenge kimemfunguka, sauti imeanza kukauka.

"Ng'ombe wetu wamechukuliwa! Baba yako yuko wapi?"

Baba mkubwa hakuweza kukimbia. Maksai alikuwa amemvunja mguu wakati wa kulima, na ulikuwa haujaunga. Ng'ombe walioibwa ni wake. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshatangulia, na kwa mila ya mji wetu kijana haendi kwenye mwano bila mtu mzima wa nyumba yake ubavuni. Mtu mzima aliyebaki alikuwa baba yangu. Haya yote niliyajua pale pale, hakuna aliyehitaji kunieleza.

Nikasema, "Kaenda Dutwa, mama. Kapeleka pamba."

Macho yake yakaenda ukutani yakaiona baiskeli. Hakuna mtu anayebeba pamba kwa kichwa mpaka Dutwa. Akaniangalia mimi. Nikainamia viazi vyangu. Akapokea mwano wake mwenyewe na kukimbia kwenda nyumba ya tatu.

Kijana yule aliletwa kesho yake asubuhi. Alipigwa mshale ubavu wa kushoto, upande ambao baba angekuwa amesimama. Nilisikia watu wakisema hivyo msibani, ubavu wa kushoto, ubavu wa kushoto, kama vile waliupima.

Jioni ya maziko baba aliniita. Alikuwa amekaa kwenye shikome, mahali pa moto wa wanaume penye kinyesi cha ng'ombe kinachofuka, na uso wake ulikuwa umesawijika. Siku mbili nzima watu walikuwa wakimkwepa na yeye hakuelewa sababu, mpaka kaka yake alipomwambia.

"Mama yako mkubwa alipita hapa juzi?"

"Hapana, baba."

"Hakukuuliza niko wapi?"

"Hapana."

"Mwano uliusikia?"

"Sikuusikia. Nilikuwa ndani natwanga."

Akaitikia kwa kichwa. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na watu wa namna hiyo wakikuamini wanakuamini kabisa. Wanaume walipokaa dagashida, yaani baraza lao, alisimama akasema alikuwa mbugani, hakusikia kitu. Baba mkubwa akasema, ulikuwa ndani ya nyumba yako umejificha, baiskeli yako ilionekana, na mtoto ulimfundisha la kusema. Baba akajibu, "Mtoto wangu hasemi uongo."

Ndipo mkutano ulipoharibika. Maana kama mimi sikusema uongo, basi mwongo ni mama mkubwa, na mama mkubwa alikuwa na matanga ndani. Mtemi wa sungusungu akamtoza baba dume moja la kulimia, na kumtaka aombe radhi mbele ya watu. Baba akakataa. Akasema hawezi kulipia kosa ambalo hakulifanya. Wakamwambia, basi umejitenga. Akainuka akaenda zake.

Kutengwa ni neno jepesi mdomoni. Hakuna aliyetupiga wala kutufukuza. Ila hakuna aliyetusalimia, hakuna aliyetupa moto, hakuna aliyetuazima kinu wala jembe. Kwetu hatuna visima. Mto wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na maji unayachimba humo kwa mikono mpaka yajitokeze. Mama alipofika mtoni wanawake walihama mashimo yao kimya, wakachimba mengine mbali. Anayemsemesha aliyetengwa naye anatozwa. Nilimwamkia bibi mmoja, "Wangaluka, mayu," akafumba macho mpaka nikapita.

Kwa desturi mtu hamalizi wiki mbili. Usiku mmoja bila moto, siku tatu bila kinu, mke analia, mwanamume anafungua dume lake na kulipa. Ndivyo ilivyokuwa enzi za wazee, na kijiji kilitegemea hivyo. Lakini zama zilikuwa zimebadilika na hakuna aliyelifikiria hilo. Baba aliuza pamba yake Dutwa kwa watu wasiomjua, wala hawakujali anasalimiwa na nani kwao. Akarudi na viberiti. Mashine ya kusaga ilikuwa imefunguliwa na mfanyabiashara mgeni, naye alisaga unga wa yeyote. Chumvi dukani, sabuni dukani, mafuta ya taa dukani. Soko huria lilitupa kila kitu ambacho majirani walitunyima, na kwa sababu hiyo tuliweza kukaa katika laana ile miaka minne. Watu husema mageuzi yale yaliwatajirisha wengine na kuwafukarisha wengine. Sisi yalituwezesha kutokuhitaji kusamehewa.

Nilifurahi mwanzoni. Nilijiambia, unaona, baba yuko hai na tunakula. Nikijibiwa na dhamiri nilikuwa naikemea kama mbuzi aliyeingia jikoni. Sikuwa mtoto mwema, acheni nisijipake mafuta.

Kanisani ndiko nilikoona aibu. Baba hakuwa Mkristo, lakini mama alikuwa Mkatoliki, na mama mkubwa pia, kigango kimoja, na kabla ya mambo haya waliketi benchi moja. Sasa mama alikaa nyuma karibu na mlango. Padri alikuja mara moja kwa mwezi na hakujua habari zetu. Alipofika mahali pa kusema tutakiane amani, watu waligeukiana na kupeana mikono, vicheko kidogo, watoto wanafurahi, na sisi tulibaki tumeshika mikono yetu wenyewe, mimi wa mama, mama wa kwangu. Mwenzetu wa benchi la mbele aliangalia paa. Lile paa lilikuwa na nyumba tatu za nyigu, nilizihesabu kila mwezi.

Mwaka wa tatu mdogo wangu akashikwa na degedege. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutaja vitu kwa majina yao. Alianza asubuhi, na kufika saa sita alikuwa ameondoka, kabla baba hajamaliza kujaza upepo tairi la kumpeleka hospitali.

Mama alilia. Kilio cha msiba kwetu kinaleta watu kama mwano unavyoleta watu, na nyumba zote zilisikia. Baba alikaa mlangoni akisubiri. Jua likasogea. Sijui alikuwa anamsubiri nani, maana alijua sheria kuliko mimi. Mwishowe akachukua jembe na sururu akaenda nyuma ya zizi, na mama akajifunga kitenge akamfuata, na wale wawili wakachimba kaburi la mtoto wao. Mwezi wa tisa ule ardhi ni ngumu. Mama alikuwa akichota udongo kwa sufuria. Nilikuwa nimempakata mdogo wangu ndani ya shuka, nikiwaangalia, na mikono yangu ilikuwa safi.

Katekista peke yake ndiye aliyekuja. Alisoma sala, akasaidia kufukia, akaondoka. Siku iliyofuata walimtoza mbuzi. Akalipa bila kusema neno.

Upande wa pili wa minyaa mama mkubwa alikuwa amesimama. Nilimwona kupitia matawi, mkono umeziba mdomo. Hakuvuka. Na mimi niliyekuwa na neno moja la kumfanya avuke, nilikaa kimya. Mpaka leo nikiamka vibaya hilo ndilo ninalolikuta kitandani.

Baada ya hapo sikuweza kula vizuri. Nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, ikanipasa kuungama. Padri alikaa nyuma ya pazia la kanga, nikamwambia yote kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili changu cha shule, nikisita kwa sababu mambo haya nilikuwa nayo kwa Kisukuma. Nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mungu amekusamehe, mwanangu. Lakini hajakaa nyumba ya jirani na wewe. Nenda kwa waliokaa."

Ilinichukua mwaka mzima. Nilikuwa naanza kwenda halafu narudi. Nilipata kipaimara na uongo wangu, kitambaa cheupe kichwani, mwenye sura ya malaika wa kadi ya Krismasi.

Hatimaye nilimkuta mama mkubwa mtoni, peke yake, asubuhi, amepiga magoti kwenye shimo lake anachota kwa kibuyu. Nikasimama mbali kidogo. Hakuinua uso. Nilijua haruhusiwi kunijibu, na kwa kweli hilo lilinirahisishia kazi.

"Mama, uliponiuliza, baba alikuwa mbugani. Hakuwa ndani. Hakusikia. Mimi nilisikia, nikasema Dutwa ili asiende, kwa sababu niliogopa atakufa. Na alipouliza nikamwambia hukupita. Hakunifundisha mtu."

Aliendelea kuchota. Kibuyu, ndoo. Kibuyu, ndoo. Ndoo ikajaa ikaanza kumwagika, na yeye bado anachota.

"Nilikuona," akasema mwishowe. "Sikumwona baba yako. Nilikuona wewe, macho yako. Nikasema, huyu anajua anachofanya."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu angekuwa na watoto sasa."

Akakaa chini kwenye mchanga, miguu mbele, kama mtu aliyechoka kulima.

"Unajua ile Baba Yetu," akasema. "Tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi hunyamaza. Wenzangu wanasema, mimi nafunga mdomo, nangoja wapite, naingia mbele. Miaka minne. Katekista ananiona. Nilikuwa nasema, Mungu, siwezi kukudanganya mbele ya watu wote hawa, acha ninyamaze tu." Akajifuta uso kwa mkono wenye mchanga. "Nimechoka kukuchukia, ng'wanawane, mwanangu. Ni kazi nzito na haina mavuno."

Akaivuta ndoo yangu, akaijaza kutoka kwenye shimo lake. Nilipiga magoti na kulia kwa sauti mpaka akaniambia ninyamaze, watu watadhani ni msiba. Aliponitwika alinishika bega. "Nimeacha. Sijasahau, lakini nimeacha. Sasa nenda kwa baba yako, maana aliyekatwa vibaya zaidi ni yule. Mimi sitasema kwa mtu mpaka aseme mwenyewe."

Jioni hiyo baba alikuwa anatia mpini mpya kwenye jembe. Nilimwambia nimesimama, mikono nyuma. Nilisema kila kitu na sikuacha hata lile la viazi. Aliendelea kugonga mpini, polepole zaidi, kisha akaacha.

"Uliniona nikifa?"

"Ndiyo, baba."

"Akafa mwenzako."

"Ndiyo."

Akauchukua ule mpini akaukagua kama umenyooka. Hakunipiga, na ningemshukuru angenipiga. Siku tatu alikwenda mbugani na kurudi, na mama alikuwa akiniangalia bila kuuliza. Siku ya nne alifungua dume letu kubwa la kulimia, jekundu lenye pembe moja iliyopinda, akamshika kamba na kumpitisha katikati ya kijiji mchana kweupe.

Nilidhani nimeelewa. Nilidhani anakwenda kuwaambia kwamba miaka minne walimwonea, na kwamba analipa kwa ajili yangu, mtoto. Nilijiandaa kuitwa. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikakaa kwenye kigoda nikisubiri wanaume waje kunichukua.

Aliyekuja ni katekista, na alikuja kumpa mama pongezi. Akatusimulia. Baba alisimama mbele ya dagashida akasema hivi: "Nilikuwa ndani. Mwano niliusikia. Niliogopa kufa. Mtoto nilimfundisha mimi, na shemeji yangu nilimwita mwongo naye alisema kweli. Mtoto wa kaka yangu alikufa mahali pangu. Huyu ni dume wenu." Basi, akakaa. Baba mkubwa, aliyekuwa na fimbo kwa ajili ya ule mguu, akaiangusha chini akamwendea bila fimbo, na wakashikana mbele ya watu, wazee wawili, wanalia. Dume akachinjwa. Watu wakala. Jioni tulisikia hodi, na wanawake sita waliingia uani kwetu na moto kwenye vigae, kila mmoja moto wake, wakauweka jikoni kwa mama ingawa kiberiti kilikuwa kimejaa.

Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena. Mimi nililivua lile gauni la kanisani nikalikunja.

Nilimfuata baba kesho yake mbugani. "Baba, kwa nini? Hukuwa ndani! Hukuogopa!"

"Msichana aliyeua mwano ataolewa na nani?" akasema. Alikuwa anang'oa mabua ya pamba ya kuchoma. "Wewe bado hujaolewa. Mimi nimeshaoa."

"Nitakwenda kusema mimi."

"Ukisema nitakuwa mwongo mara mbili, na kaka yangu ataondoka tena. Nimechoka kuishi bila kaka yangu." Akang'oa bua jingine. "Nyamaza. Kunyamaza unajua."

Hilo ndilo neno kali pekee alilowahi kuniambia kuhusu jambo lile. Nikanyamaza. Nina haki ya kusema nilitii, lakini ukweli ni kwamba nilipumua.

Amani ilirudi, na ilikuwa amani kweli, sitaki kuidharau. Wale ndugu wawili walilima pamoja tena. Mama na mama mkubwa walirudi benchi moja, na kwenye Baba Yetu niliisikia sauti ya mama mkubwa ikipita pale ilipokuwa ikikatika, kavu, bila kusita. Sisi tulisalimiwa mpaka tukachoka. Lakini jina la mwoga halichinjwi na dume. Mwano ulipolia, vijana walimwambia baba, mzee kaa na wanawake, wakicheka, nao hawakuwa na nia mbaya. Kwenye ngoma za mavuno walimtungia ubeti kuhusu mtu aliyejificha na baiskeli ikamsaliti. Aliusikia. Alikuwa akienda kuangalia ngoma kama wengine na ubeti ulipofika alikunywa togwa yake.

Niliolewa kanisani, nikaenda Mkula kwa watu wa mume wangu. Baba mkubwa alileta ng'ombe harusini, na alinibariki mbele ya wageni kama mwanawe. Nikashika miguu yake, na sikusema.

Baba alizeeka. Mama alipofariki akaanza kumwuliza katekista maswali, halafu akaomba mafundisho. Nilifurahi sana. Wakati wa ubatizo ukakaribia, na katekista, ambaye sasa alikuwa na mvi, akampitisha kwenye maswali: unamkataa shetani, unayajutia makosa yako yote? Baba akasema yote anayajutia, isipokuwa uongo mmoja. Katekista akamwuliza ni upi. Baba akasema huo si wake kuutaja. Katekista akamwambia, mzee, huwezi kuja kwa Yesu ukiwa na uongo mmoja mfukoni. Baba akajibu, basi mwulize Yesu kwanza, mimi nitasubiri.

Katekista alinisimulia akicheka, jinsi mzee wangu alivyo mbishi. Akasema atamwuliza padri akija. Mama mkubwa alikuwepo. Hakucheka, wala mimi. Padri alichelewa mwezi ule kwa sababu ya mvua, mto ulijaa. Ningeweza kumwambia katekista pale pale, ilikuwa sentensi moja. Nilijiambia nitamwambia padri mwenyewe, yeye ni mkubwa zaidi. Baba aliondoka siku tisa kabla padri hajafika, hajabatizwa, na akazikwa bila misa nyuma ya zizi karibu na mwanawe mdogo.

Watu walijaa. Majembe yalikuwa mengi mpaka wachimbaji wakagombania zamu. Baba mkubwa, aliyekuwa hawezi hata kuinama, alidai apige jembe la kwanza, wakamshika kiunoni akapiga. Kisha akasimama pale ukingoni akasema na watu. Alisema ndugu yake alikuwa mtu mwaminifu. "Aliogopa mara moja tu katika maisha yake," akasema, "na alikuwa na moyo wa kukiri. Wangapi hapa wana moyo huo?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa mwanamke mzima, nina watoto, hakuna tena wa kukataa kunioa. Mama mkubwa akanishika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo, na akatikisa kichwa. Akanionyesha kwa macho mzee wake, jinsi alivyokuwa akitetemeka juu ya lile shimo. Nikafunga mdomo.

Baba mkubwa alimfuata nduguye msimu uliofuata. Mama mkubwa naye tumemzika mwaka huu. Amebaki mmoja anayejua, ndiye mimi, na katika kanisa la Mkula siku hizi ninayenyamaza kwenye Baba Yetu ni mimi, mstari mmoja kabla ya ule wake, pale pa kuomba tusamehewe.

Basi niseme hapa, kwa kuwa hakuna tena wa kunibana mkono. Baba yangu hakuwa ndani. Alikuwa mbugani anachuma pamba, na angeusikia mwano angekimbia, kama alivyokimbia siku zote. Ulifika mlangoni kwetu ukanikuta mimi.